Kura 29 kwa 29

Ndugu, umeuliza ilikuwaje wakuu wa Umoja wa Ulaya wakagombana pale Nice, Ufaransa, Desemba 2000, hadi alfajiri ya tarehe 11, kisa hesabu ya kura za kila nchi tu. Hiyo "tu" ndiyo siafiki. Ujerumani ilikuwa na watu milioni 82, Ufaransa kama milioni 59, ila Chirac, rais wa Ufaransa, mwenyeji na mwenyekiti, hakutaka kusikia Mjerumani akimzidi hata kura moja kwenye Baraza la Mawaziri la Umoja, ambako mawaziri wa nchi wanachama hupigia kura sheria. Wakatoka sare, 29 kwa 29. Schröder, kansela wa Ujerumani, akafutwa machozi kwa viti 99 katika Bunge la Ulaya, Ufaransa 72.

Ubelgiji nayo ikanuna: Uholanzi, jirani waliyekuwa sawa miaka yote, imepata 13, yenyewe 12. Ikabembelezwa kwa ahadi kwamba mikutano ya wakuu itahamia Brussels (utadhani kikao cha mahari).

Waliofaidi hasa ni Hispania, na Poland iliyokuwa bado inabisha hodi kuingia Umoja: kura 27 kila mmoja, na watu wa kila mmoja hawakufika nusu ya Wajerumani. Ndiyo maana Desemba 2003, walipotakiwa waziachie kura hizo, walikataa katakata na mkutano wa katiba ya Umoja ukavunjika.