Kaka ameombwa aingie kwenye majaribio ya dawa

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu yuko Birmingham, Uingereza. Amepasuliwa kichwa na kuambiwa ana glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Kabla hajaanza mionzi ameombwa aingie kwenye majaribio: wote watapata tiba ya kawaida, ila kompyuta itachagua nani aongezewe dawa mpya na nani apewe vidonge visivyo na dawa. Mama analia, anasema mwanawe anageuzwa panya. Akubali?
Dada mtu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Mwambie mama kwamba hakuna atakayenyimwa tiba. Kwa kawaida ni mionzi siku tano kwa wiki, wiki sita, na temozolomaidi, dawa ya saratani ya kumeza, kila siku, hata Jumamosi na Jumapili. Kaka ataipata, kompyuta ichague vyovyote.

Tiba hiyo yenyewe ni zao la majaribio. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005, wagonjwa 573. Miaka miwili baadaye, waliopata mionzi peke yake walikuwa hai kama 10 kwa kila 100. Walioongezewa temozolomaidi, 26. Ni hatua ndogo, sitakudanganya, lakini kaka anatibiwa kwa sababu wale walikubali.

Hata hivyo, upya wa dawa si ubora. Bevasizumabu, dawa ya saratani ya dripu, ilisubiriwa kwa hamu, maana kwenye picha za MRI uvimbe ulionekana kunywea. Mwaka 2014 yakatoka majaribio mawili makubwa: walioongezewa hawakuishi zaidi ya wenzao, na madhara waliyapata mengi zaidi. Ndiyo maana nalitetea kundi lisilopewa dawa mpya. Bila hilo tungekuwa tunawatundikia wagonjwa wapya dripu hiyo mpaka leo, tukiamini tunawaongezea maisha.

Kaka asisaini hapo hapo. Aende na fomu nyumbani, aisome na mtu wake wa karibu. Aulize madhara yaliyokwisha kuonekana, nani atapokea simu usiku akishikwa na homa au degedege, na safari za hospitali zitaongezeka kiasi gani. Hili la safari watu hulipuuza, kumbe mgonjwa aliyechoka linammaliza. Akiingia, ana haki ya kujitoa wakati wowote, na matibabu yake yakaendelea.

Mimi naona akubali, kama safari hizo anaziweza. Lakini uamuzi ni wake, si wa mama wala wangu. Ugonjwa huu huweza kuiba maneno mapema, basi mpigieni leo, mumwulize mwenyewe anataka nini.