Kiduha hakimaliziki kwa kung'oa tu

Ukishaona maua ya zambarau katikati ya mahindi, kwa msimu huo umechelewa. Kiduha, gugu linaloishi kwa kunyonya mimea mingine, hukaa chini ya ardhi wiki kadhaa kikinyonya mizizi kabla hakijachungulia juu, ndiyo maana mahindi hudumaa na kunyauka hata mvua ikiwa nzuri. Huku kwetu mkoani Mara nimesikia watu wazima wakisema shamba limerogwa. Ndugu zangu, halijarogwa. Chimbua shina moja taratibu, osha udongo, utaona mzizi wa kiduha umejishikiza kwenye mzizi wa muhindi.

Kung'oa kunasaidia, ila mche mmoja ukiachwa ukomae hutoa mbegu makumi ya maelfu, laini kama vumbi, zinazoweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Hazioti ovyo. Zinasubiri kemikali ambayo mzizi wa mahindi, mtama au uwele huitoa ukiwa unakua. Kwa hiyo anayepanda mahindi matupu kila msimu ndiye anayeziamsha na kuzilisha.

Ushauri wangu ni huu: badilisha majirani wa mahindi yako. Mimi nalima kwa mbinu ya sukuma-vuta (mmea mmoja humfukuza mdudu, mwingine humvuta), iliyoanza kufanyiwa kazi miaka ya 1990 huko Mbita, Kenya, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, wakiongozwa na Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walikuwa wakitafuta dawa ya bungua, yule funza wa mabua. Walipopanda desmodiamu, mmea wa malisho unaotambaa, kati ya mistari ya mahindi wakakuta na kiduha kimepungua. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kiduha, halafu hutoa kemikali nyingine inayozuia kimelea kisijishike. Mbegu inaota, inakosa pa kunyonya, inakufa. Juu ya hapo, desmodiamu ni jamii ya kunde, hivyo inaongeza naitrojeni kwenye udongo.

Upande wa bungua, harufu ya desmodiamu humkimbiza nondo, mama wa bungua, anayetaka kutaga. Pembezoni unazungusha mistari mitatu ya majani tembo, ambayo humvuta. Anataga huko, na vifunza vingi vinakufa kwa sababu majani tembo hutoa utomvu unaonata.

Na kuna mkulima mwenzetu ambaye wengi hawamjui. Pasua bua lenye tundu: pengine utamkuta bungua amesinyaa, na pembeni yake kundi la vifuko vyeupe vya hariri. Ni vya nyigu wadogo sana wasiouma watu. Mama yao hutaga ndani ya mwili wa bungua, watoto wanamla kwa ndani, kisha wanatoka na kujifumia vifuko. Harufu ya desmodiamu huwaita nyigu hawa. Ukiviona vifuko hivyo, nakuomba usikimbilie kupuliza sumu, maana itawamaliza hao wanaokufanyia kazi bure. Hata kiwavijeshi vamizi, aliyeonekana Afrika mwaka 2016, hupungua kwenye mashamba ya namna hii, ingawa hatoweki kabisa.

Kazi ngumu iko msimu wa kwanza. Mbegu za desmodiamu ni ndogo na bei yake si mchezo. Changanya na mchanga mkavu, nyunyiza kwenye kifereji chembamba kati ya mistari ya mahindi, fukia kidogo sana. Ikiwa changa hufanana na magugu, kwa hiyo palilia kwa mkono na umwoneshe kila kibarua jani lake. Ikishakomaa haipandwi tena, na kwa jirani unaweza kuomba vipande vya matawi ukapanda hivyohivyo. Usitegemee maajabu mapema. Matokeo mazuri huonekana desmodiamu ikishafunika ardhi. Maharage bado unaweza kuyapanda, shimo moja na mahindi. Kama eneo lako ni kame, chagua desmodiamu ya majani ya kijani na uzungushe nyasi za brakiaria badala ya majani tembo.

Jambo linaloua mashamba mengi ya sukuma-vuta huku kwetu ni ng'ombe. Baada ya mavuno tumezoea kuachia mifugo mashambani, na desmodiamu ni chakula kitamu mno kwao. Ongea na wenye mifugo kabla hujapanda, weka uzio hata wa miiba, na ukubali kuwakatia majani: ng'ombe wa maziwa akila desmodiamu na majani tembo, maziwa yanaongezeka, na mwenye ng'ombe mwenyewe atakusaidia kulinda shamba.