Jibu: Kichwa cha mbwa kwenye nembo ya Hohenzollern

Ndugu, umeuliza kwa nini ngao ya Hohenzollern, ukoo wa watawala wa Kijerumani, ni nyeusi na nyeupe tu, ilhali juu ya kofia ya chuma inayochorwa juu ya ngao hiyo kuna kichwa cha mbwa. Hivyo ni vitu viwili vyenye asili tofauti.

Ngao ile iliyogawanywa sehemu nne, nyeupe na nyeusi kwa kupishana, ni yao tangu zamani kule Swabia, kusini mwa Ujerumani. Ukoo wenyewe unatajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1061.

Huyo mbwa walimnunua! Mwaka 1317 Friedrich IV wa ukoo huo, mtawala wa ngome ya Nürnberg huko Ujerumani, alimlipa kabaila mmoja wa karibu na Zürich, Uswisi, Leuthold von Regensberg, marki 36 za fedha ili apate haki ya kuvaa kichwa hicho. Marki wakati huo ilikuwa kipimo cha uzito. Ni mbwa wa kuwinda, wa rangi ya dhahabu, masikio mekundu. Kumbe hata nembo iliuzwa kwa mkataba, kama shamba.

Usimchanganye na simba mweusi kwenye ngao ya dhahabu yenye ukingo mwekundu na mweupe. Huyo ni wa cheo chao cha Nürnberg. Tai mwekundu alikuja na Brandenburg, jimbo la Ujerumani walilokabidhiwa mwaka 1415. Kwa hiyo ukiiona ngao yao ya baadaye imejaa wanyama, kila mmoja ni jimbo au cheo walichokitwaa au kudai.