Komiki ya Zamani: Hesabu Kurasa Kwanza, Jalada Baadaye

Mtu akiniambia ameona Incredible Hulk namba 181 kwa bei ya kutupa, namuuliza kwanza: stempu ipo? Toleo hilo la Novemba 1974 ndimo shujaa Wolverine anapoingia vitani kwa mara ya kwanza (katika namba 180 alichungulia tu kwenye picha ya mwisho), kwa hiyo linagombaniwa. Sasa, kati ya 1974 na 1976 wachapishaji wake, Marvel, walikuwa wakichapa stempu ndani ya komiki zao na kuwahimiza wasomaji wazikate, wazibandike kwenye kijitabu maalumu. Watoto wakatii. Ndiyo maana unaweza kukuta nakala ina jalada linalong'aa huku ndani ina tundu la ukubwa wa kiberiti, na tundu hilo linaporomosha bei vibaya sana.

Kwa hiyo omba ruhusa, fungua taratibu, hesabu. Komiki za kawaida za miaka hiyo zina kurasa 32 ukiacha jalada. Ukipata 28, mara nyingi karatasi ya katikati imechomoka kwenye pini na kipande cha hadithi kimekwenda nayo. Kagua kutu kwenye pini, selotepu mgongoni, na wino uliopakwa kuficha mikunjo. Geuza jalada, maana wino wa kalamu hupenya hadi upande wa pili. Mtandaoni, dai picha za ndani. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, mshukuru, uende zako.

Mimi naishi Uingereza, na huku tuna nafuu yetu. Komiki nyingi za Marvel za miaka ya 1960 na 1970 zilizoletwa huku zilichapwa Marekani pamoja na zile za kwao, kilichobadilika ni bei tu: peni badala ya senti. Wakusanyaji wengi wa Marekani huzibeza, basi huuzwa rahisi zaidi. Wacha wazibeze.

Kama unampenda T'Challa, yaani Black Panther, usikimbilie Fantastic Four namba 52 ya Julai 1966, alimotokea mara ya kwanza. Siku hizo iliuzwa senti 12. Leo nakala nzuri inakula mshahara na kudai zaidi. Tafuta Jungle Action, kuanzia namba 6 ya 1973. Mwandishi Don McGregor anamrudisha mfalme huyo nchini kwake Wakanda akute uasi umeshika kasi, na baadaye michoro inachukuliwa na Billy Graham, mmoja wa wachoraji weusi wachache pale Marvel wakati huo. Kwangu mimi ni tamu kuliko hiyo 52.

Za miaka ya 1990 nunua kwa kusoma tu. X-Men namba 1 ya 1991 ilichapwa nakala zaidi ya milioni 8. Nani atakosa?

Zile zilizofungiwa kwenye plastiki ngumu na CGC, kampuni inayopima ubora wa komiki, zikiwa na gredi hadi 10, zinakukinga na ulaghai, ila huwezi kuzisoma bila kuzivunja. Mimi huziacha.

Kuhifadhi: karatasi hii ina asidi, hugeuka njano na kukatika. Mifuko ya Mylar (plastiki angavu), kadi isiyo na asidi, sanduku lisilopigwa na jua wala unyevu, komiki zikisimama wima. Ukizipeleka Tanga au Mombasa, kabati la chumba chenye kiyoyozi, stoo hapana.

Na ukionyeshwa Action Comics namba 1 ya 1938, ile ya Superman, toa rula. Wachapishaji wake, DC, waliichapa upya miaka ya 1970 kwa umbo kubwa, ikiwa na jalada la nje linalosema wazi ni marudio. Wajanja hulibandua.