Maswali ya Wasomaji: Katoni za Wahisani Zikifika Shuleni

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja: vifaa vya msaada katika sekondari msingi za Kenya, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9. Si ajabu. Gredi ya 7 ya kwanza ilianza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, na nyingi kati ya shule hizo hazikuwahi kujengewa maabara. Walimu wanafundisha sayansi ya vitendo kwa wanachopewa. Nimechagua barua nne.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sayansi katika shule moja huku Ganze. Gredi ya 7 ina watoto 58. Wahisani walituletea hadubini mbili, lenzi za mkono kumi na mbili, bika, neli za majaribio, karatasi za litmasi, sumaku, balbu ndogo na waya. Mwalimu mkuu amevifungia stoo. Anasema vikivunjika ataulizwa yeye. Akinipa kitu, nakionyesha mbele ya darasa na kukirudisha kabla ya kengele. Nifanyeje? – Mwalimu, Ganze

Marahaba, mwalimu. Mwalimu mkuu wako simlaumu sana. Mkaguzi akija, leja inafunguliwa mezani kwake, si kwako. Kwa hiyo anza na makaratasi. Hakikisha kila kilichotoka katoni kimeingizwa kwa fomu ya S13, ile ya kupokelea vifaa, kisha kila unapochukua kitu stoo jaza S11, ile ya kuvitolea. Ongeza daftari dogo la vilivyovunjika: tarehe, kifaa, kilivunjikaje, sahihi yako na ya kiranja wa kundi. Nimesimamia maabara ya shule ya upili upande wa Mombasa kwa miaka mingi, na bika zilivunjika kila muhula. Kioo huvunjika, na mkaguzi analijua hilo. Kinachomkera ni kifaa kilichopotea bila mstari hata mmoja wa maelezo. Mpelekee mkuu daftari hilo likiwa limeshapigwa mistari, halafu ndipo umwombe ufunguo.

Sasa darasani. Hiyo ya kuinua sumaku mbele ya watoto 58 na kusema "mmeona?" iache. Wa nyuma hawajaona kitu, na wa mbele wameona mkono wako. Hesabu ya vifaa vyako ni nzuri kuliko unavyodhani. Gawa watoto makundi kumi, manane ya watoto sita na mawili ya watoto watano. Panga meza tano za upande wa kulia na tano za kushoto, pande zote mbili zikiwa na kazi zile zile: hadubini, lenzi, litmasi, sumaku, balbu. Omba vipindi viwili vifuatane, dakika 80. Kila kundi likae mezani dakika 12, ukipiga kengele lihamie meza inayofuata. Wakimaliza mzunguko umetumia saa moja, na zinabaki dakika 20 za kuhama, kufuta meza na kuandika. Hadubini mbili zinatosha, moja kila upande. Lenzi kumi na mbili nazo ni sita kila upande, yaani kila mtoto na yake.

Kwenye meza ya hadubini weka kitunguu. Watoto wabandue ngozi ile nyembamba ya ndani, waitandaze juu ya kioo kwa tone la maji, watie tone la ayodini, kisha washushe kifuniko cha kioo kwa mshazari, upande mmoja utangulie. Wakikibwaga mara moja wataona viputo vya hewa, na watakuchorea viputo wakidhani ni seli. Waanze na lenzi ndogo kabisa ya hadubini, wakishaona ndipo wageuze kubwa. Kama hadubini zenu ni za kioo cha kuakisi mwanga, kielekezwe kwenye uwazi wa dirisha. Kamwe kisielekezwe kwenye jua lenyewe, maana mtoto ataumia jicho.

Ayodini ikiisha usiwaandikie wahisani. Ile ya duka la dawa, ya kupaka kidonda, inafaa. Tone likianguka juu ya kipande cha muhogo mbichi linageuka buluu iliyokolea hadi nyeusi, kwa sababu ya wanga. Muhogo Ganze haukosekani.

Karatasi za litmasi, zile za kupimia asidi na besi, zikate vipande vitatu vitatu, zitadumu mara tatu. Na usiishie hapo. Chemsha rosela, au maua mekundu ya haibiskasi, upate maji mekundu. Yagawe kwenye neli, kisha watoto watie limau katika moja, siki katika nyingine, maji ya sabuni, maji ya majivu yaliyochujwa, magadi soda. Kwenye asidi wekundu unabaki na kung'aa. Kwenye besi maji yanaelekea kijani. Waambie wapime kila kimiminika kwa litmasi ya katoni na kwa maji ya ua, waandike majibu ya vyote viwili pembeni kwa pembeni. Hapo litmasi ya mhisani imefanya kazi yake kubwa: imewathibitishia kwamba ua la uani ni kipimo cha kweli, nao wanaweza kurudia nyumbani bila kukuomba kitu.

Meza ninayoipenda kuliko zote ni ya balbu. Usiwape kishikio cha balbu. Wape jiwe moja la tochi, balbu moja ya tochi na kipande kimoja cha waya kilichomenywa ncha zote mbili, uwaambie: iwasheni. Kisha nyamaza. Wengi watagusisha kitako cha balbu kwenye jiwe, wazungushe waya, isiwake. Watabishana. Watalaumu jiwe. Mmoja atakuja kugusisha waya kwenye ubavu wa balbu, kwenye zile hesi, huku kitako kikiwa juu ya jiwe, na utasikia kelele hadi ofisini. Balbu ina sehemu mbili za kupitishia umeme, kitako na ubavu, na mtoto aliyeitafuta mwenyewe hatakaa asahau. Ukimpa kishikio kilichotengenezwa kiwandani, jibu umemfichia ndani ya plastiki. Angalizo moja: wasiunganishe ncha mbili za jiwe kwa waya mtupu. Hiyo ni shoti. Waya unapata moto na jiwe linakufa upesi.

Sumaku zifunge kwenye karatasi ya nailoni kabla hazijagusa unga wa chuma, la sivyo utakesha ukiukwangua. Wape watoto misumari, mkebe wa soda, sufuria ya alumini, sarafu za zamani na za sasa, na waandike wanavyotarajia kabla ya kujaribu. Zikirudi stoo, zilazwe mbili mbili, ncha ya kaskazini ya moja kando ya ncha ya kusini ya nyingine, na kipande cha chuma laini kila mwisho. Sumaku inayoanguka anguka sakafuni au kupashwa moto sana hupoteza nguvu.

Meza ya lenzi sina la kusema. Mchanga, bawa la kumbikumbi, jani, kidole chao wenyewe. Wachore.

Habari za kazi, Mwalimu. Naishi Columbus, Ohio. Shule ya kati ya hapa jirani inabadilisha vifaa vya sayansi na imetupatia kanisani hadubini za taa, vipimajoto vya kioo, chupa za kemikali na vitabu vya kiada maboksi mengi. Tunataka kuvisafirisha hadi shule ya kijijini kwetu. Je, unashauri nini? – Mwana wa Pwani ughaibuni

Nzuri, mwanangu. Hongera kwa kuuliza kabla ya kulipia kontena.

Kemikali zibaki huko. Chupa za zamani lebo zimefutika, tarehe zimepita, na safari ya bahari si mahali pake. Shule itakayozipokea itakuwa na sumu ndani ya kabati na haitakuwa na njia salama ya kuitupa.

Vipimajoto vitazame vizuri. Kama uzi wa ndani ni wa rangi ya fedha, hiyo ni zebaki. Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliathirika vibaya kwa zebaki iliyomwagwa baharini, uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje vipimajoto vya aina hiyo. Mtoto akikivunja, matone yanatawanyika kwenye nyufa za sakafu na mvuke wake unavutwa na darasa zima. Vyenye uzi mwekundu au wa buluu ni vya alkoholi. Hivyo leta, ila hakikisha vina alama za Selsiasi, maana Wamarekani wanapenda Farenhaiti.

Hadubini: huko umeme ni volti 120, Kenya ni 240, na plagi yetu ni ya pini tatu za mraba. Soma kibandiko cha kila adapta. Kikisema 100–240V, itakayohitajika ni plagi tu. Kikisema 120V peke yake, taa itaungua siku ya kwanza ikichomekwa. Na kijiji chenu kina umeme darasani? Kama hakina, hadubini ya taa ni pambo. Afadhali zile za kioo cha kuakisi, au Foldscope, hadubini ya karatasi ya kukunja iliyobuniwa na kundi la Manu Prakash wa Chuo Kikuu cha Stanford. Inakuza mara 140, haihitaji umeme, na kila mtoto anaikunja mwenyewe. Mimi ukiniuliza kati ya hadubini moja ya kifahari na hizo za karatasi darasa zima, sitafakari hata kidogo.

Vitabu vya kiada, samahani, hapana. Mtaala wetu unafuata mwongozo wa KICD, taasisi ya Kenya ya kukuza mitaala, na mada hazipangwi kama za kwenu. Kitabu kimoja kimoja chenye picha nzuri kwa maktaba, sawa. Maboksi, hapana.

Kuna jambo moja la huko ningependa mliige. Mwaka 2000 mwalimu mmoja wa Bronx, New York, Charles Best, alianzisha DonorsChoose. Mwalimu wa shule ya umma anaandika kitu anachohitaji na somo atakalokitumia, wafadhili wanachanga, na vifaa vinanunuliwa na kutumwa shuleni. Mwalimu anaanza, mfadhili anafuata. Huduma hiyo ni ya shule za Marekani, lakini mpango wake hauhitaji kompyuta. Mpigie mwalimu wa sayansi wa kijijini kwenu. Umuulize muhula ujao anafundisha nini, na amekwama wapi. Nadhani hatataja kontena. Atataja vioo vya kuwekea sampuli na vifuniko vyake, lenzi, mita ya umeme ya bei nafuu, na mawe ya tochi, ambayo yote yanapatikana Mombasa au Nairobi. Nauli ya kontena mkiigeuza kuwa manunuzi ya hapa, mtashangaa.

Mwalimu, mwanangu yuko Gredi ya 7 huku Voi. Shule yao imepata msaada wa vifaa na tulialikwa kupiga picha. Lakini kila wiki bado anatumwa alete manila, gundi, chupa, chumvi, mafuta. Huo msaada uko wapi? – Mama, Voi

Mama, swali lako ni halali na liulize kwenye mkutano wa wazazi, kwa upole, mbele ya wote: tuonyesheni orodha ya vilivyopokelewa. Wahisani hutoa vifaa vya kudumu kwa sababu vinapendeza kwenye picha. Vinavyoliwa na somo, kama gundi, spiriti na mawe ya tochi, hakuna anayevikumbuka, na mzigo huo unarudi kwenu. Chupa tupu na kijiko cha chumvi sioni vibaya mtoto kuleta. Manila ya kila wiki naiona vibaya. Bango moja kwa kundi linatosha, na upande wa nyuma wa kalenda ya zamani ni mweupe vilevile. Wazazi mkichanga kidogo kwa pamoja mwanzo wa muhula, mwalimu akanunua gundi ya lita badala ya vichupa vya kila mtoto, gharama itashuka sana. Daima risiti ibandikwe ubaoni.

Shikamoo. Mimi ni fundi seremala Likoni. Karakana ina vipande vingi vya mbao na zana kuukuu. Naweza kuipa shule ya jirani kwa somo la ufundi? – Fundi, Likoni

Marahaba, fundi. Unaweza, na umechelewa! Peleka paini na saipresi, siyo mvule. Mkono wa mtoto wa miaka kumi na mitatu hauwezi mvule. Kata vipande vya urefu wa kama sentimita 30, ng'oa misumari yote, na uache zile mbao zilizopakwa dawa ya mchwa. Kabla ya yote muone mwalimu mkuu mkubaliane siku, kisha nenda mwenyewe pamoja na mzigo. Kipindi kimoja cha wewe kuwaonyesha jinsi ya kufunga ubao kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, kushika randa na kupima pembe mraba kwa guni kina thamani kuliko mbao zenyewe, kwa kuwa mwalimu wao huenda alisomea fizikia na hajawahi kuchonga kitu. Msumeno na patasi vitie makali kwanza. Zana butu ndiyo hukata watoto, kwa sababu wanaisukuma kwa nguvu zote nayo inateleza.