Sista, Uzi Hauingii Sindanoni

SWALI: Sista, salamu kutoka Kibuye. Mimi ni fundi wa cherehani, nina miaka 52, na nimeishi na sukari mwaka wa tisa sasa. Tangu Pasaka uzi hauingii sindanoni mpaka nimwite mtoto wa jirani. Siku nyingine naona afadhali, siku nyingine ni ukungu mtupu. Nimenunua miwani ya kusomea kando ya barabara mara mbili, na kila moja imenifaa wiki moja tu. Kwa duka la dawa nikauziwa matone, yanapoza lakini hayaponyi. Kliniki walinisomesha herufi za ukutani nikazimaliza zote hadi mstari wa chini. Sasa shida iko wapi?
Fundi, Kisumu

JIBU: Mama fundi, usinunue miwani ya tatu.

Ndani ya jicho kuna lenzi, na sukari ya damu ikipanda, lenzi hiyo hunywa maji ikavimba kama andazi lililozamishwa kwenye chai. Sukari ikishuka, inanywea. Leo umepima 7, keshokutwa 16, na miwani uliyochagua siku ya 16 haiwezi kukufaa siku ya 7. Muuzaji wa barabarani hana kosa. Alikuuzia miwani ya jicho ulilokuwa nalo siku ile. Sukari ikitulia kwa wiki nne hadi sita hivi, ndipo upimwe miwani ya kudumu.

Hilo ni dogo. Mimi kilichonishtua ni zile herufi za ukutani, kwamba ulizisoma zote ukarudi nyumbani umeridhika.

Niliridhika hivyo hivyo mimi. Nimefanya kazi ya uuguzi wa macho miaka 26, na sukari ninayo mwaka wa 11. Kila siku nilikuwa naandika kwenye vijitabu vya watu, “arudi baada ya mwaka mmoja,” na changu nikakiacha kwenye droo miaka mitatu. Nikijishuku, nasimama mbele ya ubao wa herufi nafunika jicho moja. Ubao wenyewe naujua kwa kichwa, hata stima zikipotea ningeusoma! Mchana mmoja wagonjwa wakiwa wachache, mwenzangu akanitia matone ili awafundishe wanafunzi kutumia darubini ya macho. Alianza kuwaeleza vizuri tu, huku ni mshipa, huku ni neva. Halafu akanyamaza. Wanafunzi wakanyamaza pia. Akasema, “Sista, usiondoke hapo kwa kiti.”

Nyuma ya jicho kuna utando unaoitwa retina, ndio unaopokea picha. Unalishwa na mishipa ya damu myembamba kuliko uzi wako namba yoyote. Sukari ikikaa juu miaka, kuta za mishipa hiyo hulegea, zikavimba vijivimbe, zikavujisha maji na damu. Mingine huziba kabisa. Jicho likiona linakosa chakula, linachipuza mishipa mipya, na hiyo ni dhaifu mno, hupasuka. Yote haya hayaumi hata kidogo. Na kwa kuwa herufi za ukutani unazisomea sehemu moja ndogo tu katikati ya retina, uharibifu unaweza kujaa pembeni nawe bado unaumaliza mstari wa chini.

Kwa hiyo nenda kliniki ya macho, pale Jaramogi, ile hospitali ambayo wazee bado wanaiita Russia, au yoyote iliyo karibu nawe, useme hivi: “Nina sukari, naomba nitiwe matone ya kupanua mboni nitazamwe nyuma ya jicho.” Sema mpaka “nyuma ya jicho.” Ukisema tu macho yanasumbua, unaweza kurudishwa kwenye ubao.

Matone yanachoma kidogo. Utangoja nusu saa hivi mboni ifunguke, na ukitoka utaona ukungu kwa saa nne mpaka sita, tena jua letu la saa saba litakuchoma macho kama mwali wa jiko. Beba kofia pana au miwani ya jua, nenda na mtu, na siku hiyo usipokee nguo ya mteja. Hata wakikuta ni safi, rudi kila mwaka. Wakikuta kitu, watakupa tarehe ya karibu zaidi.

Beba kijitabu chako cha sukari, chenye kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu. Presha pia iandikwe. Watu wengi hukimbizana na sukari wakaisahau presha, na presha ndiyo inayoisukuma damu kwenye mishipa iliyokwisha kulegea.

Ile chupa ya matone nayo ibebe. Kama imeandikwa dexamethasone au betamethasone, hiyo ni dawa ya steroidi. Hupoza kweli, lakini ukiitumia muda mrefu bila kuangaliwa inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Karoti? Kula, ni tamu, ila haizibi mshipa unaovuja.

Na ukiona ghafla vitu vyeusi vinaelea kama nzi au vipande vya uzi, au kivuli kinashuka kama pazia, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.

SWALI: Mimi ni mwanabodaboda wa Ahero, miaka 38. Daktari amesema nichomwe leza macho yote mawili. Jirani yetu alichomwa na sasa haoni. Nikatae?
Mwoga, Ahero

JIBU: Mwanangu, usikatae. Jirani yako sijamtazama, lakini wengi niliowaona wakiilaumu leza walifika damu ikiwa imeshajaa jichoni. Leza hairudishi uoni uliopotea, inalinda uliobaki. Utafiti mkubwa wa Marekani miaka ya 1970 ulionyesha kwamba inapunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uoni vibaya kwa wenye mishipa ile mipya.

Nilichomwa mimi, nikueleze. Unaweka kidevu juu ya kibao, unatiwa matone ya ganzi, wanakubandikia kioo kidogo juu ya jicho. Kisha mwanga wa kijani, paa, paa, paa, mamia ya mara. Nyingine hata huzisikii, nyingine zinadunga kama sindano ndani ya kichwa. Ukimaliza dunia inakuwa giza kwa muda. Nililia kidogo nikaenda kunywa soda, ambayo sikupaswa kunywa.

Lakini wewe ni mtu wa pikipiki, na hili usifichwe: leza nyingi inaweza kupunguza uoni wa pembeni na wa usiku. Mwulize daktari wako waziwazi kuhusu kuendesha gizani, na uulize pia kama sindano za ndani ya jicho zinakufaa. Jina lake linatisha, lakini jicho hutiwa ganzi kwanza. Shida yake ni kurudi tena na tena, mara nyingi kila mwezi kwa kuanzia. Ukijijua ni mtu wa kuruka tarehe, mwambie daktari mapema, asikupangie matibabu utakayoyaacha njiani.

SWALI: Baba yetu ana miaka 67 na sukari. Tangu mwezi wa pili ameacha miwani, anasoma Biblia bila chochote. Muuza mizizi wa sokoni anasema ni dawa yake. Tumshukuru Mungu?
Binti, Luanda

JIBU: Mungu mshukuru, muuza mizizi mngoje kwanza. Mzee aliyekuwa hasomi bila miwani akianza kusoma ghafla, mara nyingi lenzi imebadilika: ama sukari imepanda ikaivimbisha, ama mtoto wa jicho anaanza. Mwulize kama watu wa ng'ambo ya barabara anawatambua kama zamani.

Pimeni sukari yake leo, na mumpeleke Sabatia akatiwe matone, si mbali nanyi. Biblia aende nayo, asome akingoja, ila asome kabla ya matone. Baada ya hapo hataona hata jina la kitabu mpaka jioni.