Jumla ya SACCO kuganda kwenye 2,147,483,647: msimlaumu karani

Ndugu mweka hazina, umeuliza kwa nini jumla ya akiba za SACCO yenu imeganda kwenye 2,147,483,647 ilhali wanachama wanaendelea kuweka pesa, na kama karani anaficha kitu. Tafadhali, karani mwacheni kwanza. Mimi hutunza kompyuta za vikundi vya akiba huku Arua, Uganda, na namba hiyo nimeshakutana nayo kwenye kikundi kingine, na mtu alikuwa karibu kufukuzwa kazi.

Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Programu yenu imetenga biti 32 kwa jumla hiyo, yaani nafasi 32 ambazo kila moja hushika 0 au 1. Biti 32 zinatoa mipangilio 4,294,967,296. Nusu huenda kwa namba hasi, na katika nusu inayobaki sifuri nayo inachukua nafasi moja, kwa hiyo juu kabisa ni hapo mlipofika. Hifadhidata nyingine ikipewa zaidi huandika kikomo chake na kunyamaza. Programu nyingine huruka ghafla hadi -2,147,483,648, na hapo ndipo ugomvi unapoanza ofisini. Kwa shilingi yetu bilioni 2 si mbali, hata kwa SACCO ya mji mdogo. Kama mtengenezaji angehesabu kwa senti, ambazo hapa hakuna anayezishika, mngekwama kwenye shilingi 21,474,836 tu.

Mwenzetu mmoja amekujibu kwamba jumla inakwama kwa sababu 2,147,483,647 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Ni tasa kweli, ila hilo halihusiki: kikomo cha biti 64, yaani 9,223,372,036,854,775,807, kinagawanyika kwa 7 bila baki, na kompyuta inakomea hapo vilevile.

Hata hivyo utasa wake unastahili heshima. Mwanahisabati Euler aliuthibitisha mwaka 1772 akiwa Saint Petersburg, macho yakiwa karibu yamezimika kabisa. Kujaribu kila namba tasa hadi 46,340 kungekuwa maelfu ya migawanyo. Yeye alionyesha kwanza kwamba kigawanyo chochote tasa cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Za kujaribu zikawa hazifiki mia. Mimi kila nikiiona namba hii kwenye skrini namkumbuka mzee yule.

Sasa kazi. Fundi abadilishe safu ya jumla iwe ya biti 64, pamoja na ripoti na sehemu inayotuma ujumbe kwenye simu za wanachama; kimoja kikibaki cha zamani, tatizo litarudi. Kiasi kilichokatwa hakimo tena kwenye safu hiyo. Jumla ijengwe upya kutoka miamala ya kila mwanachama, mkilinganisha na vitabu vya karani.

Aangalie na tarehe. Programu zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti 32 zitafika namba hii hii tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za kwetu. Baada ya hapo hesabu huruka hadi namba hasi, yaani nyuma ya 1970, hivyo mkopo wa nyumba unaoisha baada ya tarehe hiyo unaweza kuandikwa leo kwamba uliisha mwaka 1901.